Mkunga, Somo na Mzazi: Uhakiki wa Dhana ya "Mila Potofu" katika Maandishi kuhusu Uzazi wa Wenyeji wa Dar es Salaam

Ikisiri

Makala haya yanahakiki namna uzazi wa wenyeji wa Dar es Salaam na mwambao wake unavyosawiriwa katika maandishi ya aina tatu: maelezo ya desturi yaliyoandikwa kwa Kiswahili mwanzoni mwa karne ya 20, utafiti wa kianthropolojia kuhusu Wazaramo, na matini za afya ya uzazi za miaka ya karibuni. Hoja kuu ni kwamba neno "mila potofu", kama linavyotumika katika elimu ya afya, limefunga katika fungu moja mambo mawili yasiyolingana: desturi zinazomchelewesha mjamzito kupata matibabu na desturi zinazompa mzazi mtu wa kuwa naye. La kwanza lilistahili kuondolewa. La pili liliondolewa bila kujadiliwa, na pengo lake linaonekana katika wodi za wazazi na katika vyumba vya kupanga vya Kariakoo. Makala yanapendekeza istilahi na utaratibu wa kurejesha usindikizaji wa mzazi ndani ya huduma za hospitali bila kurudisha hatari zilizoachwa nyuma.

1.0 Utangulizi

Uzazi nchini Tanzania umehamia hospitalini kwa kasi kubwa. Utafiti wa kitaifa wa Demografia na Afya wa mwaka 2015/16 ulionesha kwamba asilimia 63 ya vizazi vilitokea katika vituo vya kutolea huduma za afya. Utafiti wa mwaka 2022 ulionesha asilimia 81. Katika kipindi hicho makadirio ya vifo vitokanavyo na uzazi yalishuka kutoka 556 hadi 104 kwa kila vizazi hai 100,000. Makadirio ya namna hii huwa na wigo mpana wa makosa, hivyo tofauti hiyo haina budi kusomwa kwa tahadhari. Hata hivyo, mwelekeo wake hauna ubishi, na uhakiki wowote wa huduma za uzazi usioanza kwa kuukiri mwelekeo huo utakuwa umepotoka tangu mwanzo. Makala haya hayatetei kuzalia nyumbani.

Swali la makala ni jingine: uzazi ulipohama kutoka nyumbani kwenda hospitalini, ni nini kilichobaki njiani? Dar es Salaam ni mahali pazuri pa kuuliza swali hili. Mji ulikua juu ya Mzizima, katika nchi ya Wazaramo, na uchunguzi wa J. A. K. Leslie uliofanyika mwaka 1956 na kuchapishwa mwaka 1963 uliwakuta Wazaramo wakiwa kundi kubwa kuliko yote miongoni mwa Waafrika wa mjini. Kariakoo, ambayo jina lake linatokana na kambi ya wapagazi wa jeshi la Waingereza wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, ilikuwa mtaa wa makazi ya Waafrika kabla ya kuwa soko la nchi nzima. Hapo desturi za uzazi za mwambao zilikutana na zile za bara, na zote zikakutana na hospitali.

Neno "wenyeji" katika makala haya halitumiki kwa maana ya kisheria. Linatumika kama Kiswahili chenyewe kinavyolitumia. Mtu huitwa mwenyeji wa mahali kitovu chake kilipozikwa. Usemi huu unatosha kuonesha kwamba kwa mzungumzaji wa Kiswahili uzazi na uenyeji ni jambo moja, na kwamba namna mtoto anavyopokewa ina uhusiano na namna atakavyohesabiwa kuwa wa pale.

2.0 Mkabala wa Uhakiki

Uhakiki huu unaongozwa na mawazo mawili. La kwanza ni uchanganuzi hakiki wa usemi, hasa hoja ya Norman Fairclough katika Language and Power (1989) kwamba maneno ya taasisi hupanga mahusiano ya mamlaka hata pale yanapoonekana kuwa ya kawaida kabisa. La pili ni dhana ya maarifa yenye mamlaka iliyokuzwa na Brigitte Jordan baada ya kitabu chake Birth in Four Cultures (1978). Kwa mujibu wa Jordan, palipo na mifumo zaidi ya mmoja ya kujua, mfumo mmoja huhesabiwa kuwa ndio maarifa, na mingine hushushwa hadhi na kuitwa ujinga au ushirikina. Kinachoupa mfumo huo uzito si usahihi wake pekee, bali kukubaliwa kwake na wenye madaraka mahali husika.

Mawazo haya yanafaa, lakini yana hatari yake. Mhakiki anaweza kuyatumia kutetea kila kilichoshushwa hadhi. Sehemu ya 5.0 itarudi kwenye hatari hiyo.

3.0 Desturi kama Mgawanyo wa Kazi: Mtoro bin Mwinyi Bakari

Maelezo marefu ya mapema zaidi ya nathari ya Kiswahili kuhusu maisha ya watu wa mwambao wa Tanzania ni Desturi za Wasuaheli, kitabu kilichochapishwa Göttingen mwaka 1903 kwa uhariri wa Carl Velten. Mchangiaji wake mkuu alikuwa Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, aliyekwenda Berlin mwaka 1900 kufundisha Kiswahili. Velten alikuwa amewahi kuwa mkalimani wa serikali ya Kijerumani hapa nchini. Kwa hiyo kitabu kilizaliwa katika mazingira ya utawala wa kikoloni, na mimba, uzazi na malezi yamo ndani yake kama mambo ya kuelezwa kwa mgeni.

Wasomaji wengi wamekitumia kitabu hiki kama ghala la ukweli kuhusu zamani. Matumizi hayo yana udhaifu wa wazi: mwandishi ni mwanamume, na chumba cha uzazi cha mwambao kilikuwa cha wanawake. Anayoyaandika kuhusu chumba hicho ameyapokea kwa kusikia. Msomaji anapata mlango, watu wanaoingia na wanaotoka, na vitu vinavyobebwa. Hapati sauti ya mzazi.

Pamoja na udhaifu huo, matini ya Mtoro ina jambo moja ambalo matini za baadaye zimelipoteza. Inaichukulia desturi kuwa mgawanyo wa kazi. Kitabu kimejaa ada: nani hufanya nini, kwa wakati gani, na hupewa nini. Kungwi, mkunga na wazee wa kike hawasimuliwi kama watu wa imani tu. Wanasimuliwa kama watu wenye shughuli inayotambulika na malipo yanayotambulika. Ukisoma kwa jicho hili, uzazi wa mwambao unaonekana kuwa utaratibu wa kuhakikisha kwamba mwanamke hakosi mtu kando yake tangu anapovunja ungo hadi anapotoka arobaini. Utaratibu huo haukutegemea huruma ya mtu mmoja mmoja. Ulikuwa na wahusika walioteuliwa.

4.0 Mwali na Mzazi: Utafiti wa Swantz

Kazi za Marja-Liisa Swantz, Ritual and Symbol in Transitional Zaramo Society (1970) na Blood, Milk and Death (1995), ndizo zilizozama zaidi katika ulimwengu wa wanawake wa Kizaramo. Swantz aliishi Bunju, kijiji cha mwambao kaskazini mwa mji, katika nusu ya pili ya miaka ya 1960. Leo Bunju ni kata ya Manispaa ya Kinondoni, na jambo hilo peke yake linaonesha jinsi jiji lilivyomeza mazingira ya utafiti wake.

Mchango wake mkubwa ni kuonesha kwamba utamaduni wa uzazi hauanzi na mimba. Unaanza na mwali. Kuwekwa ndani kwa mwali, mafunzo chini ya mti wa mkole, na kinyago cha mwana hiti ambacho mwali alikitunza kama mtoto, vyote vilikuwa maandalizi ya mwili na ya mahusiano. Mwali alitoka akiwa na somo, yaani mwanamke mkubwa aliyemfunza na ambaye angeendelea kuwa mwenye haki ya kuulizwa kuhusu mambo ya ndani. Wakati wa uzazi ulipofika, mwanamke hakuanza kutafuta msaidizi. Alikuwa naye tayari.

Udhaifu wa Swantz ni ule wa wasomi wengi wa alama. Uchambuzi wake wa damu, maziwa na kifo una nguvu kiasi kwamba msomaji huweza kudhani alama ndiyo iliyomsaidia mzazi. Makala haya yanapendekeza kusoma kinyume chake: alama ilikuwa njia ya kukumbuka na kuheshimu uhusiano, na uhusiano ndio uliosaidia. Tofauti hii ni ya msingi kwa hoja yetu. Mjini, alama nyingi zimepungua au zimebadilika, kwani mwali hakai ndani miezi mingi shule ikimsubiri. Lakini uhusiano kati ya mwanamke na somo wake haujapoteza maana kwa sababu mkole haupo.

5.0 Istilahi za Kliniki na Fungu la "Mila Potofu"

Matini za afya ya uzazi zina kazi tofauti na za Mtoro na Swantz. Hazielezi desturi, zinabadilisha mwenendo. Katika matini hizo neno "mila" mara nyingi halitembei peke yake. Hufuatana na "potofu", "mbaya" au "zilizopitwa na wakati".

Ni haki kukubali chanzo cha lugha hiyo. Zipo desturi zilizoua. Kumpa mjamzito dawa za mitishamba za kuongeza uchungu bila kujua mlango wa uzazi umefikia wapi kunaweza kupasua mfuko wa uzazi. Imani kwamba uchungu unaochelewa ni dalili ya uzinzi, na kwamba mwanamke ataje majina kwanza, imepoteza saa ambazo zingemfikisha kwa daktari. Uhakiki unaofumbia macho mambo haya kwa jina la utamaduni hauna huruma kwa wanawake hao.

Tatizo ni kwamba fungu lilifungwa kabla ya kupangwa. Elimu ya afya yenyewe inajua kuzigawa desturi katika zinazodhuru, zisizodhuru na zinazosaidia. Lakini kwa zile zinazodhuru kuna jina, nalo ni "mila potofu", wakati zinazosaidia hazina jina lolote katika lugha ya kliniki. Kisichokuwa na jina hakiwezi kuandikwa katika mwongozo, hakiwezi kutengewa nafasi katika wodi, na hakiwezi kudaiwa na mwanamke anayekihitaji.

Vitenzi vinaonesha mabadiliko hayo kwa uwazi zaidi. Kiswahili kina "kujifungua", kitenzi chenye kirejeshi: mwanamke ndiye mtendaji, na anachokifungua ni mwili wake mwenyewe. Kina pia "kuzalishwa", ambapo mwanamke ni mtendwa na mtaalamu ni mtendaji. Vyote viwili ni sahihi, na vyote hutumika hospitalini. Hata hivyo, kadiri mazungumzo yanavyosogea kutoka kwenye bango la ukutani kuelekea kwenye kitanda chenyewe, ndivyo "kujifungua" kunavyoelekea kuipisha "kuzalishwa".

Mfano wa pili ni kondo la nyuma. Katika desturi ya mwambao kondo huzikwa. Katika vituo vya afya kuna shimo la kutupia kondo. Kiafya shimo hilo ni la lazima na limejengwa vizuri kuzuia maambukizi. Lakini kati ya "kuzika" na "kutupa" kuna umbali mkubwa kwa mtu ambaye lugha yake inapima uenyeji kwa mahali kitovu kilipozikwa. Kubadili kitenzi hicho katika maelezo anayopewa mzazi kusingegharimu chochote wala kusingeongeza hatari yoyote.

6.0 Asilimia 15 na Asilimia 70

Ushahidi mzito zaidi wa pengo linalozungumzwa hapa umo katika tafiti za afya zenyewe. Sando na wenzake (2016) walichunguza kukosewa heshima na kunyanyaswa kwa wanawake wakati wa kujifungua katika hospitali moja kubwa ya umma jijini Dar es Salaam. Wanawake waliohojiwa saa chache baada ya kujifungua, wakiwa bado hospitalini, waliripoti hali hiyo kwa asilimia 15. Kundi dogo zaidi lililofuatiliwa katika jamii kati ya wiki ya 4 na ya 6 liliripoti kwa asilimia 70. Kruk na wenzake (2014), waliofanya utafiti mkoani Tanga, walipata mwelekeo huohuo kwa tofauti ndogo zaidi: asilimia 19 wakati wa kutoka kituoni na asilimia 28 baadaye.

Maelezo ya kawaida ya tofauti hizi ni hofu. Mwanamke aliye bado mikononi mwa wahudumu hawezi kuwasema. Maelezo hayo ni sahihi, lakini hayatoshi. Yanaeleza kwa nini mwanamke alinyamaza hospitalini. Hayaelezi kwa nini alisema nyumbani. Msomaji wa Mtoro na wa Swantz ataona jambo ambalo matini za afya hazikulitaja: wiki ya 4 hadi ya 6 ndiyo wakati wa arobaini. Ni wakati ambapo mzazi yuko ndani, anakandwa kwa maji ya moto, anafungwa tumbo kwa kanga, anapewa uji wa pilipili manga, na mikono inayofanya kazi hizo ni ya wanawake wanaomuuliza ilikuwaje. Mazungumzo hayo hutangulia ziara ya mtafiti. Yumkini, anapofika mtafiti, jambo lililotokea limekwisha kupata jina kwa sababu limekwisha kusimuliwa.

Kwa mtazamo huu arobaini si pumziko la mwili tu. Ni mahali ambapo tukio la uzazi hugeuka kuwa habari inayoweza kusemwa, na malalamiko hupata ushahidi wa mtu wa pili. Mfumo wa afya unaotaka kujua wanawake wanavyotendewa hauna budi kuuliza mahali ambapo wanawake husema. Na mfumo unaotaka wasitendewe vibaya hauna budi kumruhusu msikilizaji huyo aingie mapema zaidi, yaani ndani ya wodi.

Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kwamba kila mwanamke awe na msindikizaji anayemchagua katika muda wote wa uchungu na kujifungua. Mradi wa shirika la Thamini Uhai mkoani Kigoma ulionesha kwamba wasindikizaji wanaweza kupokewa katika vituo vya umma nchini. Kizuizi kinachotajwa mara nyingi katika hospitali za miji mikubwa ni msongamano: vitanda vimekaribiana, mapazia hayatoshi, na msindikizaji wa mmoja huona utupu wa mwingine. Kizuizi hiki ni cha kweli, hasa kwa msindikizaji mwanamume. Lakini desturi ya mwambao ilikwisha kulijibu swali hilo: anayeingia ni mwanamke mkubwa, aliyekwisha kuzaa, anayejua kunyamaza. Somo, shangazi au nyanya anazo sifa hizo tayari, na hatatafsiriwa na wanawake wa kitanda cha jirani kuwa mvamizi.

7.0 Uani Unaotoweka

Hoja iliyotolewa hapo juu inachukulia kwamba arobaini bado ipo. Kariakoo inatia shaka juu ya hilo. Nyumba ya Kiswahili iliyoujenga mtaa huu ilikuwa na ujia katikati, vyumba pande mbili, na uani nyuma. Uani ulikuwa jiko, kisima cha habari na mahali pa kuchemshia maji ya kumkanda mzazi. Ndani ya nyumba ya wapangaji wa makabila mbalimbali, mama mwenye nyumba wa Kizaramo aliweza kumsimamia mpangaji wa Kichaga au wa Kinyamwezi aliyejifungua mbali na kwao. Huo ulikuwa usindikizaji uliovuka kabila, na ndio uliowafanya wageni wengi kuwa watu wa Dar es Salaam.

Maghorofa ya biashara yamechukua sehemu kubwa ya nafasi ya nyumba hizo. Ghorofa halina uani, na kitovu kikidondoka hakuna udongo wa karibu wa kukizikia. Mkandaji atapanda ngazi na ndoo ya maji ya moto, au hatakuja.

Upande wa kazi, hali ni ngumu zaidi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa likizo ya uzazi yenye malipo ya siku 84, au siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Mwanamke anayeuza vitenge Mtaa wa Uhuru au mboga pembeni mwa soko hana mwajiri, hivyo likizo hiyo haimfikii. Kwake yeye arobaini ndiyo likizo pekee iliyowahi kuwapo. Haikulipwa kwa fedha, lakini ililipwa kwa kazi ya wanawake wengine: walipika, walifua, walimkanda, na walimzuia asirudi sokoni. Anayeiita desturi hii kuwa imepitwa na wakati anapaswa kuonesha imepitwa na nini. Kwa mchuuzi wa Kariakoo haijapitwa na chochote, imeondoka tu.

8.0 Hitimisho

Uhakiki huu umeonesha kwamba matini tatu zilizochunguzwa zinakamilishana kwa namna ambayo waandishi wake hawakukusudia. Mtoro anatupa mgawanyo wa kazi bila sauti ya mzazi. Swantz anatupa uhusiano wa mwali na somo, ingawa ameufunika kwa alama. Matini za afya zinatupa sauti ya mzazi katika takwimu, bila kutambua mahali sauti hiyo ilipopatikana.

Mapendekezo matatu yanafuata. Kwanza, waandaaji wa elimu ya afya kwa Kiswahili waache kutumia "mila potofu" kama jina la jumla na badala yake wataje desturi husika na dhara lake, kisha wazipe jina zile zinazosaidia. Makala yanapendekeza istilahi "usindikizaji wa mzazi" kwa huduma yote kuanzia uchungu hadi arobaini. Pili, miongozo ya wodi za wazazi imtaje somo, au mwanamke mkubwa anayechaguliwa na mjamzito, kuwa msindikizaji anayekubalika, na kliniki ya wajawazito iandike jina lake katika kadi kabla ya siku kufika, ili aelezwe mipaka yake: hatatoa dawa, na hatamchelewesha mama anapoamriwa kupelekwa kwa daktari. Tatu, tafiti za utu katika huduma za uzazi ziwahoji wanawake nyumbani ndani ya arobaini na ziwahoji pia waliowakanda.

Watafiti wa fasihi na isimu ya Kiswahili wana kazi hapa ambayo wataalamu wa afya hawawezi kuifanya peke yao. Wahenga walisema uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Methali hiyo husomwa zaidi kama sifa ya upendo wa mama. Inaweza kusomwa pia kama dai la maarifa: mzazi anajua jambo ambalo mtaalamu halijui, na ni wajibu wa mtaalamu kumuuliza. Nyimbo na mafunzo ya wanawake wa Dar es Salaam kuhusu uzazi bado yamo katika kumbukumbu za wazee wa Ilala, Gerezani, Magomeni na Temeke, na wenye kumbukumbu hizo hawataishi milele.